Kabla hujaacha sigara, tazama ile ya kwanza ya asubuhi

Mvutaji akisema anataka kuacha, watu humuuliza anavuta ngapi kwa siku. Swali hilo lina mwenzake wa kulitangulia: ukiamka, zinapita dakika ngapi kabla hujawasha ya kwanza? Anayewasha ndani ya nusu saa, hata chai hajanywa, mwili wake umekolea nikotini, hata kama siku nzima anavuta saba tu. Anayeoga, akapanda daladala, akafika kazini na kukumbuka sigara saa nne asubuhi, uraibu wake ni mwepesi, hata kama jioni kijiweni anamaliza nusu pakiti. Hawa wawili hawaachi kwa njia moja wala hawahitaji kipimo kimoja cha dawa za kuachia, kama plasta ya kubandika kwenye ngozi au chingamu yenye nikotini. Ukimsikia mtu anasema "nilijaribu zile dawa, hazifanyi kazi", mara nyingi alipewa kipimo cha mwenzake.

Hesabu yake ni nyepesi. Nikotini ndani ya damu hupungua nusu kila baada ya saa mbili hivi. Ukizima ya mwisho saa nne usiku ukaamka saa kumi na mbili asubuhi, imeshapungua nusu mara nne, imebaki sehemu moja kati ya kumi na sita. Ule wepesi wa kukasirika unapoamka, mikono isiyotulia na kichwa kisichokaa sawa ndiyo arosto yenyewe. Vijana wa mtaani neno hili wanalitumia zaidi kwa watumiaji wa unga, lakini na mvutaji wa sigara analo lake, dogo, la kila siku. Mtu anaposema sigara "inanituliza", kwa sehemu kubwa anasema kweli. Inamtuliza kutokana na vurugu iliyoletwa na sigara iliyotangulia.

Sasa hizo ngapi kwa siku. Anayenunua pakiti anajua. Anayenunua moja moja kwa Mangi wa duka la mtaani au kwa mwenye kimeza cha pipi na vocha hajui, na akikisia hukisia pungufu. (Kenya sheria ya 2007 inakataza kuuza moja moja, lakini pita stendi yoyote uone.) Kwa siku nne, kabla hujabadilisha chochote, andika kila sigara kwenye simu: saa, mahali, na ulikuwa unafanya nini au uko na nani. Usijaribu kupunguza siku hizo, utaharibu hesabu. Ukimaliza utaona zimejipanga katika mafungu mawili. Kuna zinazokuja kwa saa, kila baada ya muda fulani popote ulipo, na kuna zinazokuja na mtu au kitu: kahawa, bia, foleni, simu ya bosi, jamaa fulani. Fungu la kwanza linatibiwa na dawa. La pili dawa hailiwezi peke yake, linataka mipango. Anayechanganya mafungu haya hubandika dawa kisha akaenda baa Ijumaa na kushangaa.

Kupunguza kidogo kidogo au kukata siku moja? Wengi hupenda kupunguza kwa sababu inaonekana ya kiungwana. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2016 uliwagawa wavutaji karibu 700 makundi mawili: wa kupunguza kwa wiki mbili hadi siku ya kuacha, na wa kukata ghafla siku hiyo. Wote walipewa dawa za nikotini na ushauri. Baada ya wiki nne, waliokata ghafla waliokuwa bado hawavuti walikuwa asilimia 49, waliopunguza asilimia 39. Baada ya miezi sita, asilimia 22 kwa 15.5. Sababu moja haihitaji utafiti kuielewa: anayepunguza kutoka 20 hadi 5 huzivuta hizo 5 kwa nguvu zaidi, anavuta ndefu na kushikilia moshi, na kila moja inazidi kuwa tamu. Kwa hiyo weka tarehe, ndani ya wiki mbili, isizidi hapo. Usiiweke siku ya harusi ya shemeji wala wiki ya kufunga mahesabu ya kazini. Kama kupunguza ndiyo njia pekee unayoiweza, punguza, lakini kuwe na tarehe mbele yako, na anza kwa kuisogeza ile ya asubuhi: leo dakika kumi mbele, kesho ishirini.

Tukija kwenye dawa, hofu inayorudi kila mara ni hii: "Nikotini si ndiyo inayoua, sasa naibandikaje mwilini?" Nikotini ndiyo inayokufunga. Kinachoua kwa sehemu kubwa ni moshi: lami inayoganda kwenye mapafu, na kaboni monoksidi, gesi ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Plasta na chingamu hazina moshi. Ukiacha kuvuta, ile gesi hurudi kiwango cha kawaida katika damu baada ya nusu siku hadi siku moja, huku nikotini ya plasta ikikusaidia kutulia. Mjamzito, au aliyepata mshtuko wa moyo hivi karibuni, amwone daktari kwanza. Wengine wanaweza kuongea na mfamasia. Anzia famasi kubwa za mjini, maana maduka madogo ya dawa mara nyingi hayana.

Sigara moja huingiza mwilini kama miligramu 1 hadi 2 za nikotini. Anayevuta ishirini anapata, tuseme, kati ya 20 na 40 kwa siku. Chingamu ya miligramu 2 hutoa karibu nusu yake tu, na hata hiyo ni kwa anayejua kuitafuna. Sasa mtu wa pakiti nzima anayetafuna nne kwa siku ametoa wapi ujasiri wa kusema dawa haifanyi kazi? Amepewa kijiko cha uji na kuambiwa ashibe.

Plasta hubandikwa moja kwa siku. Anayevuta zaidi ya kumi kwa siku anaanza na ya miligramu 21 kwa wiki sita, kisha 14 kwa wiki mbili, kisha 7 kwa wiki mbili. Anayevuta kumi au pungufu anaanza na 14 kwa wiki sita, halafu 7 kwa wiki mbili. Bandika asubuhi juu ya mkono, kifuani au mgongoni, penye ngozi kavu isiyo na nywele nyingi, halafu ikandamize kwa kiganja kama sekunde kumi. Joto la pwani ni adui wa plasta. Ukipaka mafuta au losheni kabla, itakuwa imebanduka kabla ya adhuhuri. Oga, jikaushe vizuri, subiri jasho likatike, ndipo ubandike. Kila siku hamisha mahali, na pale ulipotoa usirudi kabla ya wiki, la sivyo ngozi itawasha na kuwa nyekundu. Usiikate vipande ili idumu. Ukiitoa, ikunje upande wa gundi kwa ndani na uitupe mbali na watoto, bado ina nikotini ya kutosha kumdhuru mtoto.

Hapa ndipo ile sigara ya asubuhi inaporudi. Plasta ni ya polepole, huchukua saa kadhaa kupanda. Anayewasha akiwa bado kitandani akiibandika alfajiri, saa mbili za kwanza hazimsaidii kitu, naye ndizo anazoanguka. Huyo alale nayo, aibadilishe asubuhi, ili aamke ikiwa inafanya kazi. Itampa ndoto kali, za rangi, nyingine za kutisha, na usingizi wa kukatika. Asipozivumilia, aitoe usiku na akiamka tu, kabla ya kunyanyuka, aweke chingamu au pipi ya nikotini mdomoni.

Chingamu ndiyo inayoharibiwa zaidi, kwa sababu kila mtu anadhani anajua kutafuna bigijii. Ukiitafuna mfululizo kama ya watoto, nikotini inatoka kwa mkupuo, unaimeza na mate, tumbo linachafuka, unapata kwikwi na kiungulia, na ini linaivunja kabla haijafika kichwani. Inatakiwa kupenya kwenye ngozi laini ya mdomo. Kwa hiyo itafune polepole mpaka usikie ukali kama wa pilipili manga. Acha kutafuna. Ibane kati ya shavu na fizi mpaka ule ukali uishe, kama dakika moja hivi. Tafuna tena mara chache, hamishia shavu la pili. Moja ikae nusu saa. Anayewasha ndani ya nusu saa ya kuamka anatumia ya miligramu 4, mwingine ya 2. Wiki sita za mwanzo ni moja kila saa moja hadi mbili, angalau tisa kwa siku, zisizidi 24. Wiki ya saba hadi ya tisa, moja kila saa mbili hadi nne. Kumi hadi kumi na mbili, kila saa nne hadi nane.

Halafu kuna limau. Wazee wengi humshauri anayeacha anyonye ndimu au limau kila hamu inapokuja, na kwa asiyetumia dawa si ushauri mbaya, mdomo unapata kazi. Lakini mdomo ukiwa na uchachu, nikotini ya chingamu haipenyi. Limau, juisi ya ukwaju, soda, hata kahawa, vyote vinaiua. Usile wala kunywa chochote isipokuwa maji dakika 15 kabla na wakati wa kutafuna. Tumeona ushauri huu wa limau ukitolewa pamoja na chingamu, kwa pumzi moja, na mshauri hajui kwamba kwa mkono mmoja ametoa na kwa mwingine amenyang'anya.

Kinachofanya kazi vizuri kwa wavutaji wazito ni viwili kwa pamoja: plasta iwe msingi wa siku nzima, chingamu au pipi iwe ya kuzimia moto unapolipuka. Watu huogopa kuwa ni nyingi. Ikizidi kweli utajua: kichefuchefu, moyo kwenda mbio, kizunguzungu. Punguza chingamu, au toa plasta. Kosa la upande wa pili, la kutumia kidogo na kuacha mapema baada ya wiki tatu kwa sababu "sasa najisikia vizuri", ni la kawaida zaidi kwa mbali.

Vidonge vipo pia, kwa cheti cha daktari. Vareniklini huanza wakati bado unavuta: nusu miligramu mara moja kwa siku kwa siku tatu, nusu mara mbili kwa siku nne, kisha miligramu moja mara mbili kuanzia siku ya nane, ambayo ndiyo ya kuacha, hadi wiki kumi na mbili. Kunywa baada ya chakula na glasi nzima ya maji, ukiinywa tumbo tupu unaweza kutapika. Bupropioni haimfai mwenye kifafa. Saitisini, inayotoka kwenye mmea na kutumika Bulgaria tangu 1964, humalizika kwa siku 25. Zote tatu, pamoja na dawa za nikotini, zimo katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2024.

Kuna jambo ambalo hata wahudumu wa afya hulisahau. Moshi wa sigara huliharakisha ini kuvunja dawa fulani. Ukiacha, ini linapunguza kasi, na kipimo kilekile cha dawa kinakuwa kikubwa mno. Anayetumia aminofilini au teofilini kwa pumu, au klozapini na olanzapini kwa maradhi ya akili, amwambie daktari wake tarehe ya kuacha kabla haijafika. Anayechoma insulini apime sukari mara nyingi zaidi wiki hizo.

Kafeini nayo huvunjwa kwa njia hiyohiyo, na hapa wanaumia wengi bila kujua. Mtu amezoea vikombe vitatu vya kahawa chungu pale barazani, na kashata. Ameacha sigara, vikombe ni vilevile, lakini kafeini katika damu imekuwa karibu maradufu. Moyo unadunda, mikono inatetemeka, usiku halali, anasema "arosto imenizidi" na kuwasha. Gawa kahawa nusu kuanzia siku ya kwanza. Chai ya rangi ya kukolea nayo ipunguze.

Arosto yenyewe huanza saa chache baada ya ya mwisho, hupanda kileleni siku ya pili na ya tatu, halafu hushuka kwa wiki mbili hadi nne. Ndani yake kuna mawimbi, na kila wimbi la hamu hudumu dakika tatu hadi tano. Mvutaji hajawahi kulingoja liishe, kwa hiyo anadhani haliishi. Litazame kwa saa. Mdomo na mkono vipe shughuli: mswaki wa mti ni bora kuliko pipi, karafuu mbili za kutafuna zinafaa, maji baridi, kutoka nje kutembea hadi kona na kurudi. Tumbo linaweza kufunga, basi papai na maji. Kikohozi kinaweza kuongezeka wiki za mwanzo, kwa sababu vinyweleo vya njia ya hewa vilivyokuwa vimelala vinaanza kufagia. Ila kikohozi cha wiki mbili na zaidi chenye jasho la usiku, kupungua mwili au damu, usikipe jina la kuacha sigara. Nenda kapime kifua kikuu.

Uzito utaongezeka, kwa wastani kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza, maana nikotini ilikuwa inakata hamu ya kula na kuchoma nguvu. Usifunge mlo wiki zilezile unazoacha. Vita viwili kwa wakati mmoja huwa unashindwa vyote. Kaa mbali na biskuti na soda, basi, mengine yangoje mwezi wa tatu.

Sasa lile fungu la pili, linalokuja na watu. Lipa deni lote dukani kabla ya tarehe na umwambie Mangi wazi, mbele ya wateja wengine, asikuuzie wala kukukopesha sigara. Aibu ikiwapo inasaidia. Kiberiti, pakiti iliyobaki, kipisi kilichofichwa juu ya kabati kwa ajili ya "dharura", vyote vitoke ndani. Kama unaishi na mvutaji, sigara zake zikae nje ya nyumba. Wenzako wa kijiweni waombe kitu kimoja tu, wasikupe hata ukiomba. Watakucheka wiki moja. Bia huangusha wengi, kwa sababu inafungua mkono kabla kichwa hakijauliza. Wiki nne za kwanza usinywe kabisa. Anayesema hawezi wiki nne bila bia ana jambo la pili la kushughulikia, na afadhali alijue mapema.

Kwa Waislamu, Ramadhani ni mlango uliokwisha funguliwa nusu. Saa kumi na tatu na zaidi bila sigara, kila siku, kwa mwezi, mtu anaziweza bila dawa. Anaanguka wapi? Kwenye futari. Mwili umemaliza nikotini, tumbo tupu, anakula tende moja na kuvuta sigara tatu, kichwa kinazunguka kama mvutaji mpya, na raha ile inamfunga upya kila jioni. Kwa hiyo kazi yote iko kati ya magharibi na daku. Anza na maji, tende na uji, kaa na wasiovuta, nenda tarawehe moja kwa moja. Chingamu itumike usiku tu, maana mchana inafunguza. Kuhusu plasta mchana, muulize sheikh wako kabla ya mwezi kuandama. Na tarehe yako iwe ya mwanzo wa mwezi. Wanaoahidi kuacha "baada ya Idi" wanaachia mahali pabaya kuliko pote, siku za kutembeleana na kuvuta barazani.

Usihamie kwa binamu zake. Ugoro, kuberi na tumbaku ndani ya tambuu ni nikotini ileile, na huleta saratani ya mdomo. Shisha, iliyopigwa marufuku Tanzania 2016 na Kenya 2017, bado ipo kwenye kumbi za siri, na maji yale hayachuji kaboni monoksidi. Sigara "laiti" ni ujanja wa vitundu kwenye kichungi ambavyo vidole na midomo huviziba.

Na ukiteleza? Pafu moja la sigara katika wiki mbili za kwanza ni hatari kweli, wengi waliovuta moja hawakuishia hapo. Lakini kinachomrudisha mtu zaidi ni yale anayoyafanya baadaye: anajitukana, anabandua plasta kwa hofu ya kuchanganya, anasema basi nimalize pakiti, nitaanza tena Januari. Sigara moja juu ya plasta haitakuua. Izime hata kama imebaki ndefu. Itupe na zilizobaki. Andika saa, mahali na mtu uliyekuwa naye, kama ulivyofanya siku zile nne za mwanzo, na linganisha. Kama ilikuja kwa saa, dawa yako ni ndogo, rudi kwa mfamasia uongeze chingamu. Kama ilikuja na mtu au glasi, dawa iache ilivyo, badilisha mipango yako ya Ijumaa. Plasta ibaki mkononi, na asubuhi bandika nyingine kama kawaida.